Baba Anafungua Soda Asizokunywa

Mshauri wangu wa gazetini, kabla hujaendelea kusoma tafuta mahali ukae, maana haya ninayokuandikia nimeyabeba peke yangu hadi nimechoka, na kila nikitaka kumwambia mtu naona nitachekwa kwanza ndipo nihurumiwe, na mimi sina haja ya kuchekwa, nina haja ya mtu aniambie nifanye nini na baba yangu, ambaye hanywi pombe, havuti sigara, hajawahi kupigana na mtu, lakini ameivuruga nyumba yetu kwa soda. Nimesema soda. Usidhani kalamu imeteleza.

Mimi ni fundi wa kushona nguo za kike, kazi naifanyia chumba cha mbele cha nyumba yetu, na baba ni fundi saa, meza yake iko dirishani, cherehani yangu iko mlangoni, tumefanya kazi hivyo tukipeana mgongo tangu mama alipofariki. Ungemjua baba wa zamani ungeniambia namsingizia. Alikuwa mtu aliyenyooka kama rula. Chai kikombe kimoja, haina sukari, shati limefungwa vifungo hadi kooni hata jua liwake vipi, akitumwa kiberiti anarudi na kiberiti. Jirani akimwambia, "Mzee, leo mashati yameshuka bei," yeye anamjibu, "Ninalo shati," anaendelea na kazi. Marehemu mama alikuwa akisema aliolewa na saa ya ukutani, na alisema hivyo kwa mapenzi, ila alisema mara nyingi.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzo aliuficha mfukoni, nikimuuliza ananiambia ni baridi, na sisi sote hapo tunajipepea kwa magazeti. Skrubu za saa, zile ndogo kama ufuta, zikawa zinamponyoka na kuingia chini ya cherehani yangu, naye anapiga magoti kuzitafuta huku ananikaripia mimi kwamba natikisa sakafu. Siku moja akavifungia vifaa vyake vyote kwenye droo, akakaa dirishani mikono imelala mapajani kama ameachiwa na mtu aitunze, na wateja wakija nawaambia fundi anaumwa. Tukaenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole anayeongea taratibu, akasema ni ugonjwa wa Pakinsoni, akampa vidonge, baadaye akaviongeza. Mshauri, vile vidonge Mungu awabariki waliovitengeneza. Mikono ilitulia. Siku aliyoifungua saa ndogo ya kike, akaisafisha, akaifunga na ikaanza kulia tik-tik, nililia juu ya kitambaa cha mteja hadi ikabidi nikakifue.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo kumshukuru Mungu, lakini ndipo soda ilipoingia. Kuna kampuni ilianzisha shindano, ukifungua chupa yao unageuza kizibo, ndani kuna maneno, unaweza kushinda soda nyingine, au fulana, na wanasema kuna mtu mahali fulani atashinda pikipiki. Mteja mmoja alimletea baba soda kama shukrani. Baba akaifungua kwa adabu tu, akageuza kizibo, akaona ameshinda nyingine. Akaifuata dukani. Akageuza cha pili, kimeandikwa "Jaribu tena." Akajaribu. Hadi leo ninapokuandikia anajaribu.

Na hanywi! Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Anafungua, anavaa ile lenzi yake ya jichoni ya kutazamia saa, anakisoma kizibo kana kwamba chini ya maneno kuna maneno mengine, anashusha pumzi, anaisukuma chupa pembeni. Nikamuuliza, "Baba, mbona hunywi?"

"Tamu mno."

"Sasa unanunulia nini?"

"Nataka kuona tu."

Kuona tu! Ndoo zimejaa soda iliyokufa gesi, mabeseni yamejaa, jagi la wageni limejaa, sisimizi wamepanga safu kutoka mlangoni hadi jikoni kama wanaokwenda kupiga kura, wateja wangu nawakaribisha soda isiyo na povu wakitaka wasitake. Watoto wa mtaa wamempachika jina, Babu Vizibo, na yeye, mtu ambaye zamani ukimwita bila kumsalimia anakupa mgongo, siku hizi anaitika. Halafu vitu vikaanza kuondoka nyumbani. Kwanza pasi yangu. Mimi fundi nguo, mshauri, natafuta pasi nyumba nzima, kumbe baba ameibadilisha kwa kreti ya soda, na kijana wa kusambaza kreti anaipigia suruali zake kwake. Kisha feni. Nilipouliza feni baba akanijibu bila kugeuka, "Ilikuwa na kelele."

Nikampigia kaka yangu, yeye anakaa mbali, ni mhasibu, anapenda mambo yaishe kwa simu. Akaniambia nimfungie baba ndani, eti atanitumia na kufuli zuri. Dada wa kanisani akaniambia baba amerogwa. Mpangaji wa nyuma akasema ni uzee, unawaingia wengine hivyo, kwa ghafla. Mimi sikujua nishike lipi.

Tulipokwenda kliniki daktari aliuliza, "Nyumbani kuna lolote jipya? Tabia, usingizi, chakula?" Nikafungua mdomo. Baba akanishika kifundo cha mkono chini ya meza, kwa ule mkono wa kulia, na ulikuwa imara, hautetemeki hata chembe. Nikasema, "Hakuna, daktari. Tunashukuru." Njiani akanieleza, "Ukianza kulalamika watanibadilishia dawa, mwanangu. Nitarudi kukaa pale dirishani kama mzigo. Niache na soda zangu." Nikamwacha. Niseme ukweli, na mimi nilikuwa naogopa kuiona tena ile droo imefungwa.

Na nitasema na hili kwa kuwa nimeshaamua kusema yote. Siku moja adhuhuri niliingia stoo kutafuta uzi, nikaziona chupa zimejipanga, baba hayupo. Nikafungua moja. Kabla sijageuza kizibo, mshauri, moyo uliruka, pu! Nilipoona "Jaribu tena" nikafungua ya pili. Nilipogeuka mlangoni nikajikuta natazama ya tatu. Nikatoka bila uzi.

Sasa ngoja nikufikishe kwenye kidonda chenyewe. Mwenye duka anakonunua, kreti zikimwishia, ni mjane wa mtaa wa pili, tunamwita Mama Barafu kwa sababu jokofu lake halijawahi kumwaibisha. Ni mama mcheshi, msafi, mwenye sauti ya kusikika kona mbili. Hebu jifanye wewe ndiye Mama Barafu. Mwanamume mtu mzima, mtanashati, shati limefungwa hadi kooni, anafika dukani kwako asubuhi, saa nne karudi, adhuhuri yupo, alasiri huyo tena, ananunua soda mojamoja, anaifungulia hapohapo kaunta, hanywi, anakutazama kwa macho yanayong'aa, anakwambia kwa sauti ya chini, "Nipe nyingine." Wewe ungedhani anafuata nini?

Juzi akaenda mfukoni hana kitu. Mama Barafu akamtania, "Leo huondoki hivihivi, niachie chochote nikukumbuke." Baba akatoa saa ya mkononi ya kike, ya dhahabu, akaiweka kaunta. Saa ile si yake. Ni ya mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani, ameiacha itengenezwe, alipewa na mumewe kabla hajafa, na wiki hii anakuja kuichukua. Mama Barafu, wananisimulia wateja waliokuwepo, aliitazama ile saa, machozi yakamlengalenga, akaivaa. Baba hakuona machozi wala nini, alikuwa ameshika kifungulio.

Kesho yake mama wa watu akaja kwangu, saa mkononi, kitambaa kwapani. Miaka yote ananiita "fundi." Siku hiyo akaniambia, "Mwanangu, nishonee gauni. La heshima, ila lisininyime pumzi. La nini, nadhani unajua." Nilimpima. Ningefanyaje? Nilimpima kifua, kiuno, nyonga, na kila nikiinua mkono wake saa ya mwalimu mkuu inanililia tik-tik sikioni. Alipoondoka nikamfuata baba dirishani.

"Baba, ile saa umempa ya nini?"

"Sijampa. Ameishika tu."

"Na yeye anajua kwamba ameishika tu?"

Akafuta lenzi. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Usiniulize kama mtoto. Kila nikikaa hapa najiambia leo siendi. Najiambia vizuri kabisa, na ninakubaliana na nafsi yangu. Halafu naona miguu imeshavaa viatu."

Mshauri, nimebaki na kitambaa mezani sijui nikikate, mwalimu mkuu anakuja, kaka anatuma kufuli, na baba sasa hivi ninapoandika hayuko dirishani, wewe mwenyewe unajua yuko wapi. Ni mapenzi? Ni uzee? Ni shetani? Niambie, nami nitafanya utakavyosema.

Ni mimi, fundi nguo.

JIBU

Binti yangu,

Nimekaa kama ulivyoniagiza, na nimecheka, nawe usinikasirikie, kwani mtu asiyetaka kuchekesha hasimulii habari za feni. Nilipofika pale baba yako anaposema miguu imeshavaa viatu sikucheka tena. Barua hii haikungoja zamu. Nimekupigia simu siku ileile niliyoisoma, ukaitikia kwa sauti hoi, na hapa naandika yaleyale niliyokwambia ili na wengine wenye baba dirishani wasikie.

Kwanza wewe. Umekwenda na baba yako hadi mbele ya daktari, daktari amekuuliza kwa kinywa chake kama kuna jipya, ukamjibu hakuna, na nyumbani huna hata beseni la kuogea! Hakukuuliza bure. Dada wa kanisani umemwambia, mpangaji umemwambia, mhasibu wa mbali umemwambia, mimi wa gazetini umenimwagia kila kitu hadi vipimo vya Mama Barafu. Aliyesomea jambo lenyewe ndiye uliyemnyima. Najua uliogopa. Ulipenda kuiona mikono ya baba imetulia, na nani asingependa? Lakini ulifanya biashara na huyo mzee chini ya meza, na bei yake mnailipa wote wawili.

Sasa nisikilize. Ndani ya ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Vijana wa mitandaoni huiita kemikali ya raha, nao hawajakosea sana, ila wameruka kitu. Raha ni kuinywa soda. Dopamini kazi yake kubwa iko kabla ya hapo, pale mkono uko kwenye kifungulio na hujui kitakachotokea. Ndiyo inayokuvuta, ndiyo inayokwambia "huenda." Kitu unachokijua kwa hakika hakikusisimui hivyo. Kitu cha huenda-kikawa-huenda-kisiwe ndicho kinachokukosesha utulivu, na waliochapa vizibo vile wanalijua hilo kuliko mimi na wewe, ndiyo maana hawakuandika "Umekosa." Baba yako hanywi kwa sababu hakufuata kinywaji. Anafuata ule mruko ulioupata wewe stoo. Wewe uliupata, ukashtuka, ukatoka. Usijione shujaa, breki zako ni nzima.

Za baba yako zimelegezwa, na hapa ndipo ulipokuwa hujui. Dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia mwili kujongea sawasawa. Mwenye Pakinsoni, chembe za ubongo zinazoitengeneza zinakufa kidogo kidogo, ndipo mkono unatetemeka na viungo vinakaza. Ziko dawa zinazofanya kazi kwa kuiiga dopamini. Zinautuliza mkono, ni kweli, lakini kidonge ukishakimeza hukielekezi kwamba pita huku tu, kule usiende. Kinafika na kwenye tamaa. Wagonjwa wengi hawapati shida hiyo, ila wako wanaoipata: mtu mtulivu anaanza kamari, mwingine ananunua asivyovihitaji, mwingine anakula bila kushiba, mwingine anawasumbua wanawake uzeeni. Sikuyatoa kichwani mwangu. Nimemuuliza daktari bingwa, sikumtaja mtu, naye hakucheka hata kidogo. Aliwahi kumtibu mzee aliyejaza nyumba miavuli.

Kwa hiyo baba yako hajarogwa, wala hajawa mwehu, na kaka yako amwambie aliyemuuzia kufuli amrudishie pesa.

Sasa fanya hivi, na usichague la kufanya na la kuacha. Leo, kabla hujagusa mkasi, piga simu kliniki, omba kuongea na daktari au muuguzi wake, mweleze soda, pasi, feni, saa, yote, na baba yako akiwa amekaa hapo anasikia. Usimseme mgongoni, amechoka kutendewa kama mzigo. Na usithubutu kumfichia vidonge wala kumkatizia! Dawa hizi zikikatwa ghafla zinamlaza mtu vibaya, mwili na roho. Anayepunguza ni daktari, kwa hatua zake, na mara nyingi iko dawa nyingine ya kuushika mkono. Hakuna aliyesema ni lazima achague kati ya mikono na akili yake. Hilo mmejitungia wenyewe njiani mkitoka kliniki.

Ukishakata simu, mshike baba mkono muende kwa Mama Barafu. Aseme yeye. Wewe kazi yako ni kusimama karibu asikimbie. Saa irudi kwa mwenyewe leo, na ukimwona mwalimu mkuu mwambie ilikotoka, asije kuisikia sokoni. Mama Barafu ataumia. Ataumia zaidi akiambiwa huku amevaa gauni. Na mwombe jambo moja, kwa heshima: mpaka daktari aseme, asimuuzie soda.

Simama. Kalamu weka chini.

BARUA YA PILI

Mshauri wangu, nilifanya yote uliyosema, bila kuacha hata moja.

Daktari hakutugombeza. Alimtazama baba akamwambia, "Mzee, kosa ni langu pia, nilipaswa kukuuliza kwa kutaja vitu vyenyewe." Baba alishusha mabega kama mtu aliyetuliwa gunia. Akapunguziwa kile kidonge kidogo kidogo, akaongezewa kingine. Sikufichi, siku za mwanzo zilikuwa mbaya, alitokwa jasho, akawa mkali, akikaa kula anasema chakula kina ladha ya karatasi, akafungua na kufunga droo ya vifaa bila kutoa kitu. Siku moja aliniambia, "Asubuhi zimekuwa asubuhi tu." Nikamwekea chai. Lakini alivuka salama. Asubuhi moja alizipita kreti kwenda kunyoa ndevu na hakuzitazama, nami nikajifanya sikuona. Mkono unatetemeka kidogo akiamka, zile saa ndogo sana za kike anampelekea fundi mwenzake, za ukutani na za kiume anafanya mwenyewe, na anafoka nikitikisa sakafu. Pasi imerudi. Feni tumeiachia, kweli ilikuwa na kelele.

La Mama Barafu lilikuwa gumu. Tulimkuta anapanga mayai. Baba akasimama wima, akamweleza yote, ugonjwa, vidonge, vizibo, saa ni ya nani, hakuzunguka hata neno moja. Mama Barafu akaivua saa taratibu, akaiweka kaunta.

"Siku zote zile," akasema, "ulikuwa unanitazama mimi au kizibo?"

Unamjua baba, hajui kudanganya. "Kizibo."

"Hata mara moja?"

Akafikiri. Mshauri, alifikiri muda mrefu, hadi nikatamani kumkanyaga mguu. "Siku ile ulipomcheka yule mtu wa mkaa," akasema. "Nilikuwa na kizibo mkononi, nikasahau kukigeuza."

"Ondokeni dukani kwangu," akasema Mama Barafu. "Fundi, kitambaa changu nitakifuata mwenyewe. Na usikikate!"

Mwalimu mkuu alipokuja nilimweleza. Aliishika saa, akaisikiliza, akasema mumewe naye alikuwa na mambo yake, akaondoka.

Nilidhani yameisha. Sasa sikia. Wiki hizi, jua likipungua, baba ananyoa, anafunga vifungo hadi kooni, anakwenda kwa Mama Barafu. Hanunui kitu! Nimeulizia, hanunui hata kiberiti. Mwanzo alisimama nje ya duka, Mama Barafu anamhudumia kila mtu isipokuwa yeye. Siku nyingine akarushiwa maneno, "Unawazibia wateja njia." Akasogea pembeni. Juzi nilichungulia nikaona ametolewa kiti. Cha kuegemea! Wanabishana kuhusu saa ya duka, mama anasema inakwenda sawa, baba anasema inachelewa, na mama anacheka ile sauti ya kona mbili. Mshauri, kidonge kimepunguzwa, daktari ameridhika, soda hagusi. Je, hii ni dawa au ni baba?

JIBU LA PILI

Binti yangu, swali lako ni halali, nalo lina majibu mawili, moja la kazi na moja la kwangu.

La kazi: siku ya kliniki mwambie daktari na hili, mpaka kiti, maana umeshaona ukificha kinachotokea. Na muulize baba yako, siku mvua ikimzuia asiende, anakaa vipi? Akisema anahangaika, anazunguka chumba, anatokwa jasho, hilo ni la daktari. Akisema anakaa, anasikitika kidogo, anasubiri kesho, basi hapo hapana ugonjwa. Dopamini haikuletwa duniani na vidonge. Kila mmoja wetu anayo ya kwake, ndiyo inayomtoa mtu kitandani akanyoe.

La kwangu ni kwamba utoke dirishani. Umemchungulia mzee wa watu hadi umehesabu miguu ya kiti. Una cherehani na wateja, yeye ana miadi. Siku atakapokwambia usimsubiri kwa chakula, muitikie "sawa, baba," uendelee kushona bila kuinua kichwa. Kabla hajapita kona usitabasamu hata kidogo. Akishapita kona, hapo ndipo ucheke, na ucheke kwa nguvu.